Ua Linapogoma: Kutafuta Chanzo Katika Bustani za Milimani

Bustani ya Lushoto, Tukuyu, Marangu, Limuru au Kericho ina neema ambayo mtu wa Dodoma anaitamani: mvua haikosi na jua halichomi. Neema hiyohiyo ndiyo inayoua maua mengi. Maji yanayotuama kwenye mizizi, ukungu wa asubuhi usiokauka mapema na mawingu ya Juni hadi Agosti huharibu kuliko wadudu. Na lipo jambo la pili linalosahaulika: ubaridi wa milima yetu si majira ya baridi. Usiku wa nyuzi 10 mtu hujifunika blanketi mbili, lakini kwa mmea uliozoea theluji huo ni usiku wa kawaida tu. Mengi ya maua ya kudumu yanayosifiwa katika vitabu vya bustani vya Ulaya yanangojea baridi ambayo hapa haiji kamwe.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na dalili, lakini mara nyingi utaishia kwenye uchaguzi. Kabla ya kukimbilia duka la pembejeo kununua dawa, jiulize: mmea huu kwao ni wapi, na hapa nilipouweka panafanana na kwao? Tukisema maua ya kudumu tunakusudia mimea inayoishi miaka mingi na kuchanua tena na tena bila kupandwa upya. Vichaka vichache kama haidranjea vimo pia, kwa kuwa katika vitanda vyetu vya maua hukaa pamoja na hiyo mingine.

Mmea umenyauka, na udongo umelowa

Hii ndiyo dalili inayodanganya watu kuliko zote. Majani yamelegea mchana, mwenye nyumba anachukua ndoo na kumwagilia, na kesho yake hali ni mbaya zaidi. Mzizi nao unahitaji hewa. Vitundu vilivyo kati ya chembe za udongo vikijaa maji kwa siku kadhaa, mizizi hukosa oksijeni na kufa. Mmea hubaki na kiu huku umesimama ndani ya maji. Baada ya hapo huingia viini vya kuozesha, hasa Phytophthora na Pythium, ambavyo vijimbegu vyake huogelea katika maji ya udongoni na kutafuta mzizi dhaifu.

Ng'oa mmea mmoja na udongo wake uuangalie. Mzizi mzima ni mweupe au rangi ya krimu, na haukatiki kirahisi. Uliooza ni wa kahawia, na ukiuvuta kwa vidole ganda linavuka na kubaki uzi mwembamba. Udongo ukinuka kama yai viza, hewa imekwisha humo. Lakini usihukumu kabla hujaangalia mengine matatu. Shina likiwa limetafunwa usawa wa ardhi, huyo ni sota. Mfukue hapohapo, huwa hajafika mbali. Mizizi ikiwa na vinundu kama shanga, ni minyoo fundo. Na mmea ukiwa umenyauka ghafla ukiwa bado wa kijani, kata kipande cha shina karibu na ardhi ukining'inize ndani ya glasi ya maji safi. Ndani ya dakika chache ute mweupe ukishuka kama uzi wa moshi, ni mnyauko bakteria, ambao hupenda dalia na jeraniamu. Huo hauna dawa. Ng'oa, choma, osha jembe, na usipande hapo dalia, jeraniamu, nyanya wala viazi kwa miaka kadhaa.

Kama ni maji, pima kasi yake. Chimba shimo la sentimeta 30 kwenda chini na sentimeta 30 upana, lijaze maji, yaache yaishe, kisha lijaze tena na usimike kijiti chenye alama. Maji yakishuka pungufu ya sentimeta 2.5 kwa saa, hapo panatuama. Kati ya sentimeta 2.5 na 8 panafaa maua karibu yote. Fanya kipimo hiki msimu wa mvua ukiwa unaendelea. Kipimo cha Septemba hakikwambii kitu kuhusu Aprili.

Tiba ya mahali panapotuama ni kuinua. Tengeneza tuta la sentimeta 20 hadi 30 juu ya ardhi ya kawaida, ukichanganya mboji iliyoiva debe moja la lita 20 kwa kila mita ya mraba, na kupindua hadi kina cha sentimeta 25. Makosa mawili yanarudiwa kila mahali. La kwanza ni kumwaga mchanga kidogo kwenye udongo wa mfinyanzi: mchanganyiko huo hukauka ukawa kama tofali. Mchanga husaidia pale tu unapokaribia nusu ya udongo wote, na hiyo ni malori, si toroli. La pili ni kuweka kokoto chini ya shimo la kupandia. Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka ule udongo wa juu ulowe kabisa, kwa hiyo mmea unakaa juu ya dimbwi ulilolijenga mwenyewe.

Njia nyepesi kuliko zote ni kupanda kinachopenda maji. Kala nyeupe, ile Zantedeschia aethiopica yenye ua kama faneli, hukaa vizuri hata kando ya mfereji wa maji ya jikoni. Kana hali kadhalika. Tunguu lake lipande sentimeta 7 hadi 10 chini, nafasi ya sentimeta 50. Kniphofia thomsonii, yenye mikuki ya rangi ya machungwa ambayo ndege aitwaye chozi huifuata, huota yenyewe kwenye chepechepe za milima ya Kenya na Tanzania, kwa hiyo hakuna wa kuifundisha kuvumilia. Angalia tu usichanganye: kala za rangi, za njano, waridi na zambarau, ni ndugu wa ile nyeupe lakini hazina tabia yake. Kwenye udongo uliolowa tunguu lake huoza likawa uji wenye harufu mbaya. Hizo ni za chungu chenye matundu.

Gerbera na jeraniamu zina shida ya aina yake. Gerbera huoza kwenye kitovu, pale majani yanapotokea. Ipande kitovu kikiwa juu ya udongo kwa sentimeta 1 hadi 2, hata kama inaonekana imeyumba. Baada ya wiki tatu itakuwa imejishika. Jeraniamu huanza kuwa nyeusi shinani kuanzia chini. Zote mbili zinapendeza zaidi kibarazani, chini ya ukingo wa paa ambapo mvua haifiki na wewe ndiye unayeamua maji.

Majani tele, ua hakuna

Hapa sababu ni nyingi, na mpangilio wa kuzichunguza ni muhimu, kwa sababu mbili za mwisho mara nyingi hazitibiki.

Anza na jua. Hesabu saa ambazo mwanga wa jua unagusa kitanda, si saa ambazo kuna mchana. Agapantasi, dalia, kana na yungiyungi la siku moja (daylily) wanataka saa sita za jua kwa siku. Mparachichi uliokuwa mdogo ulipopanda agapantasi miaka mitano iliyopita sasa ni mwavuli. Agapantasi aliye kivulini hatakufa. Atatoa majani mazuri miaka yote na shina moja la ua, pengine hata hilo asitoe. Mhamishe, na pale chini ya mti weka vinavyopenda kivuli: fuksia, begonia, klivia, au impatiensi, ambayo ni ya misitu ya Afrika Mashariki hadi Msumbiji na sasa inauzwa dunia nzima.

Kisha mbolea. Samadi ya kuku na urea huleta majani. Ukiona majani mapana, ya kijani kibichi sana, laini, na vidukari vimejaa kwenye ncha, nitrojeni imezidi. Acha mbolea kwa miezi mitatu. Baada ya hapo mboji ya unene wa sentimeta 3 mara mbili kwa mwaka inatosha mimea mingi. Penye mvua nyingi sana ongeza NPK 17:17:17 gramu 30 kwa mita ya mraba mwanzoni mwa msimu, isiguse shina.

Kisha mkasi. Haidranjea ya kawaida huchanua kwenye ncha za matawi yaliyokua msimu uliopita. Shamba boi anayeifyeka yote chini kila mwaka ili ipendeze anaondoa maua ya mwaka unaofuata, kila mwaka. Kata ua lililokauka tu, hadi kwenye jozi ya kwanza ya machipukizi manene. Halafu theluthi moja ya mashina makongwe yatoe usawa wa ardhi.

Sasa baridi. Haidranjea huumba vitumba vyake wakati joto liko chini ya nyuzi 18 hivi kwa wiki kadhaa. Limuru na Lushoto hupata hali hiyo Juni hadi Agosti bila shida, lakini shuka mita mia chache na kichaka kilekile kinabaki majani. Kwa kila mita 100 unazoshuka, joto hupanda karibu nyuzi 0.6, kwa hiyo jirani wa bondeni anaweza kuwa na bustani tofauti kabisa na yako. Alstromeria nayo huongozwa na joto la udongo: udongo ukiwa na ubaridi inatoa mashina ya maua, ukipata joto inatoa mashina ya majani tu. Matandazo ya majani makavu, unene wa sentimeta 5, huwa yanatosha kuirudisha.

Hayo ni ya baridi kidogo. Yapo yanayotaka baridi kali, na hapo hakuna ujanja. Tulipu inadai wiki 12 hadi 16 chini ya nyuzi 9. Unaweza kuiweka kwenye friji na ikachanua mara moja, kisha kitunguu chake kinakonda na kwisha. Pioni, hosta, astilbe na yungiyungi la bondeni hufifia mwaka hadi mwaka kwa kukosa usingizi wa baridi. Hata yungiyungi la siku moja lina koo mbili: zile zinazokauka majani wakati wa baridi hudhoofika kwetu, na zile zenye majani ya kijani mwaka mzima hustawi. Muulize muuzaji ni ya ukoo upi. Asipojua, angalia kitalu chake mwezi wa Julai: yenye majani mazima ndiyo yako.

Sababu ya mwisho ni urefu wa mchana, na wengi hawaifikirii kabisa. Ulaya ya kaskazini mchana wa Juni hupita saa 16. Kericho mchana ni saa 12 na dakika chache mwaka mzima. Tukuyu, iliyo nyuzi 9 kusini ya ikweta, tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi haizidi saa moja na kitu. Rudbekia ni mmea wa mchana mrefu. Mbegu itaota, majani yatatandaza duara zuri chini, na itakaa hivyo. Jipsofila ina tabia hiyohiyo. Mashamba ya maua ya biashara huiwashia taa usiku ili idhani mchana umerefuka. Nyumbani hakuna sababu ya kufanya hivyo, chagua ua lingine.

Krisanthemu ni kinyume chake: inachanua usiku ukiwa mrefu. Kwetu huchanua kwa urahisi, wakati mwingine mapema mno ikiwa bado fupi. Sasa kama krisanthemu yako imekua hadi kiunoni na haina hata kitumba kimoja, tazama ukutani. Taa ya ulinzi inayowaka usiku kucha inaufanya mmea uhesabu kuwa usiku haujafika. Hamisha chungu nyuma ya nyumba penye giza na vitumba huonekana ndani ya wiki chache. Hakuna mbolea inayoweza kufanya kazi hiyo.

Vitumba vinageuka kahawia bila kufunguka

Kibonyeze kitumba. Kikiwa laini na kina vumbi la kijivu, ni kuvu ya kijivu, Botrytis. Kikiwa kikavu, chenye michirizi ya fedha na vidoa vyeusi, kikung'ute juu ya karatasi nyeupe. Vidudu vyembamba kama vipande vya uzi vikianza kutembea, ni thripi, na hao huja kipindi cha ukavu zaidi kuliko cha mvua.

Kwa kuvu ya kijivu, dawa husaidia kidogo lakini umbo la ua husaidia zaidi. Ua lenye petali nyingi zilizopangana, kama dalia za mpira au waridi zilizojaa sana, hushika maji kama sifongo na haliwahi kukauka kabla ya mvua nyingine. Dalia ya petali za safu moja hukung'uta maji kwa upepo mdogo tu. Maua yanayoning'inia kama kengele, fuksia na abutiloni kwa mfano, hayaingiwi na maji kabisa. Penye mvua ya kila siku tungechagua safu moja na kengele mbele ya kila kitu kingine, hata kama picha ya dukani ya ile iliyojaa inavutia zaidi. Waridi ukilitaka, lipe mahali penye upepo na jua la asubuhi, umbali wa mita moja kati ya shina na shina, na ukate kila ua lililochoka kabla halijaoza juu ya jirani yake.

Majani ya njano

Swali ni majani yapi. Majani ya chini, makongwe, yakigeuka njano sawasawa jani zima wakati mvua zimekaza, mvua imeisafirisha nitrojeni; mwage mboji. Majani hayohayo makongwe yakiwa ya njano katikati ya mishipa na mishipa ikabaki kijani, magnesi imepungua; chumvi ya Epsom vijiko viwili vya mezani kwa lita 10 za maji, nyunyiza mara mbili kwa nafasi ya wiki mbili. Majani machanga ya juu yakiwa ya njano na mishipa ya kijani, ni chuma. Na mmea mzima ukipauka na kulegea, rudi kwenye sehemu ya kwanza, ni maji.

Upungufu wa chuma unashangaza katika nchi ya chai, maana udongo wa chai ni wa tindikali, na kwenye tindikali chuma hupatikana. Karibu kila mara chanzo ni ukuta. Nyumba ikijengwa, saruji, chokaa na plasta huangukia pale ambapo baadaye huwekwa kitanda cha maua, na pH ya udongo, yaani kipimo cha tindikali ambacho namba ikiwa ndogo tindikali ni nyingi, hupanda hadi 7 au zaidi. Azalea na haidranjea zilizo nusu mita kutoka ukutani zinakuwa njano huku zilizo katikati ya bustani zikiwa salama. Chimba sentimeta 30, ondoa vipande vyote vya plasta, jaza udongo wa shambani. Usiendelee kumwaga majivu ya jikoni hapo. Majivu nayo hupandisha pH.

Rangi ya haidranjea ni kipimo cha bure cha jambo hilihili. Kwenye pH chini ya 5.5 mizizi hufyonza alumini na ua huwa la bluu. Juu ya 6 au 6.5 alumini hufungwa na ua huwa la waridi. Kichaka kimoja chenye maua ya bluu upande mmoja na ya waridi upande wa ukuta hakina ugonjwa wowote. Nyeupe haibadiliki.

Madoa, kutu na unga

Vipele vya rangi ya machungwa au kahawia chini ya jani ni kutu. Krisanthemu hupata kutu nyeupe, ambayo juu ya jani huonekana kama kishimo cha njano na chini kama kipele cha rangi ya maziwa. Unga mweupe juu ya jani ni ubwiri unga. Huu, tofauti na mingine, hupenda siku kavu zenye usiku wa umande, kwa hiyo hushambulia dalia mvua zinapokwisha. Manyoya meupe chini ya jani pekee ni ubwiri vinyoya, na kwa impatiensi ndio mwisho: majani hudondoka na kubaki vijiti. Ing'oe pamoja na iliyo jirani, na usirudishe impatiensi pale, weka begonia.

Karibu kuvu zote hizi zinahitaji jani libaki na maji kwa saa kadhaa ili kuingia. Kazi yako ni kufupisha saa hizo. Mwagilia asubuhi, kwenye udongo. Tenganisha mimea kwa kipimo cha mmea uliokomaa, si cha mche. Ondoa majani ya chini ya dalia hadi sentimeta 20 kutoka ardhini ili matone ya mvua yasirushe udongo wenye vimelea juu yake. Jani lenye kutu lichome au lifukie mbali. Usilitie kwenye mboji. Dawa za mankozebu na shaba ni za kukinga, zinafaa kabla kutu haijaenea, na mvua ikinyesha baada ya kupulizia zimekwenda. Vaa glavu, fuata kipimo cha kwenye lebo, na usipulizie maua yaliyofunguka ambayo nyuki wanayatembelea.

Duara za kahawia hafifu kwenye majani ya lile ua la Usambara, ambalo kitaalamu liliitwa Saintpaulia mwaka 1893 kwa jina la Walter von Saint Paul-Illaire aliyelipeleka Ujerumani, si ugonjwa. Ni matone ya maji baridi. Kwao huota kwenye nyufa za miamba yenye kivuli, ambako maji hupita bila kutuama. Ukilipanda kwenye kitanda cha wazi litaoza; lipachike kwenye ufa wa ukuta wa mawe chini ya mti, au liweke dirishani.

Majani yametobolewa usiku

Ukiona utelezi unaong'aa, ni konokono au koa, na bustani yenye mvua haiwakosi. Toka na tochi saa mbili au tatu usiku, siku yenye unyevu, na ndoo ya maji ya chumvi. Ukiokota usiku tatu mfululizo idadi hushuka sana. Majivu yanayosifiwa hayafai penye mvua, yakilowa tu kazi yake imekwisha. Kikopo cha bia iliyochacha kilichofukiwa kinawavuta, ila mdomo wake uache juu ya udongo kwa sentimeta 2 wasitumbukie mbawakawa, ambao ni maadui wa konokono. Sumu ya metaldehaidi huua na mbwa.

Miche ya dalia ndiyo inayoliwa kwanza. Agapantasi huguswa kidogo sana. Klivia na kala wao konokono hujificha katikati ya majani yao, kwa hiyo pekua huko mchana.

Mashina yanalala chini

Ama ni kivuli, ama ni nitrojeni, ama umechagua aina ndefu mahali penye mvua ya upepo. Delfini yenye mkuki wa mita moja na nusu itavunjika mvua ya kwanza ya masika. Chagua aina fupi, au simika kijiti siku ileile ya kupanda. Kwa dalia, ukikisimika baadaye unatoboa viazi vyake. Kiazi hicho chenyewe kipande sentimeta 10 chini, na usikimwagilie mpaka chipukizi litokeze. Vingi huoza kabla ya kuota kwa sababu ya huruma ya mwenye bustani.

Kichaka kilichokuwa kinachanua sasa kimechoka

Ukiona katikati pamekufa na pembeni pana uhai, au maua yamepungua mwaka wa nne au wa tano, mimea imesongamana. Mwishoni mwa maua, kabla mvua ndefu hazijaanza, chimbua fungu zima kwa uma wa bustani. Agapantasi ana mizizi minene iliyosukana; tumia panga safi na ukate vipande vyenye vichipukizi viwili au vitatu kila kimoja. Kata majani yabaki sentimeta 15, acha majeraha yakauke kivulini siku moja, panda kitovu kikiwa sentimeta 2 tu chini, nafasi ya sentimeta 45. Msimu wa kwanza baada ya hapo anaweza asichanue. Usimwongezee mbolea kwa sababu hiyo. Vaa glavu, utomvu wake huwasha, na kala humwasha vibaya mdomoni mtoto anayeitafuna.

Lavenda na iris zenye ndevu zikichoka, usizigawe, ziache zife. Iris hiyo inataka tunguu lake lipigwe jua, jambo ambalo Agosti ya milimani haina. Badala yake panda Dietes iridioides, iris ya Kiafrika inayoota katika misitu ya milimani toka Ethiopia hadi Afrika Kusini: ua jeupe lenye madoa ya njano na zambarau, hustahimili kivuli na mvua. Kwa lavenda, ile yenye majani ya meno, Lavandula dentata, huchanua bila kungoja baridi, mradi iwe kwenye tuta lenye kokoto na mteremko.

Ua moja limemeza kitanda chote

Penye mvua, mmea usio na shida yoyote ndio wa kuogopwa. Lantana iliingizwa kama pambo na sasa imefunika malisho. Gugumaji, lenye ua la zambarau linalopendeza kweli, lilisambazwa Afrika kama pambo la madimbwi, na mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa tayari limeingia Ziwa Victoria. Amani, katika milima ya Usambara, ambako Wajerumani walianzisha bustani ya mimea mwaka 1902, misitu ya jirani bado inabeba mimea iliyotoroka humo. Kwa hiyo jirani akikupa mche na kusema huu haufi, muulize unaeneaje. Wenye matunguu yanayotambaa, kama tangawizi-pori ya njano, uweke kwenye chungu au usiupande, hasa kama bustani yako inapakana na mto au msitu. Mabaki ya matunguu yasitupwe korongoni. Maji huyabeba, na kila kipande ni mmea.

Shida iliyonunuliwa

Mengi ya haya huja na mche. Kitaluni, pindua mfuko uangalie chini: mizizi iliyozunguka kama kamba imekaa humo muda mrefu mno. Geuza majani matatu utafute kutu na inzi weupe. Vuta shina kidogo. Likicheza, kitovu kimeoza. Acha mche wenye maua mengi, chukua wenye vitumba na machipukizi mengi ya chini. Ukifika nyumbani uweke peke yake kibarazani wiki mbili, mbali na krisanthemu na jeraniamu zako, halafu ndipo uchimbe shimo.